Vilima vya Bute na mgeni atokaye pwani

Mtu wa pwani akitajiwa mlima, fikra zake huruka hadi Kilimanjaro au Mlima Kenya, na akikaribia sana basi ni Taita au Shimba Hills. Kaskazini Mashariki haimjii moyoni kabisa. Huko, kwa alivyosikia, ni tambarare tupu, jua, miba na ngamia. Ndiko watokako ng'ombe wa machinjioni na magunia ya ubani, basi.

Ni kweli kwamba nchi ya Wajir ni tambarare, tena tambarare ya kuchosha, ambapo mtu aweza kwenda nusu siku nzima macho yake yasikwame popote. Lakini haibaki hivyo mpaka mwisho. Kadiri msafiri anavyoelekea kaskazini, ardhi hupanda pole pole bila ya yeye kutambua, na inapokaribia mpaka wa Ethiopia huinuka ikawa vilima vya Bute na Gurar, ambavyo ni kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Shimba Hills yetu, tunayowapeleka wageni kwa fahari, haifiki hata nusu ya kimo hicho.

Kimo hicho kina maana yake. Wajir kwa jumla hupata kama milimita 240 za mvua kwa mwaka, nayo ni mvua ya kubahatisha, leo ipo kesho haipo. Bute na Gurar hupata baina ya milimita 500 na 700. Kwa hivyo nyasi huko hudumu zaidi, miti ina majani, na watu, ambao asili yao ni kuchunga, hujaribu hata kulima. Mji wa Bute ndio makao ya utawala wa Wajir Kaskazini, nao umekaa katika nchi hiyo ya vilima kama mtu aliyepata kivuli na hana haraka ya kuondoka.

Siku hizi mtu akisema anakwenda milimani kutembea, aghlabu huwa anakusudia mambo matatu: kucheza gofu, kutembea porini na kuona urithi wa wenyeji. Hayo mawili ya mwisho Bute inayo tele. Hilo la kwanza haina, na ni vyema tulimalize mapema.

GOFU NA MAJI

Atakayesikia kwamba Bute kuna viwanja vya gofu, na ajue ameambiwa habari za Bute nyingine. Kipo kisiwa kidogo huko Uskoti chenye jina hilo hilo, na viwanja vya gofu huko vipo. Kimojawapo kilipata sifa kwa kuwa na mashimo 13 badala ya 18 ya kawaida. Majina yamekutana tu, hayana udugu.

Waingereza walipoitawala nchi hii mchezo wao waliuchukua karibu kila mahali walipokaa. Nairobi walikuwa na klabu ya gofu mwaka 1906. Mombasa walipata yao mwaka 1911, pale kwenye majabali yanayoelekea bahari, na wengi wetu tumekua tukipita kando ya uwanja huo bila ya kufahamu ni raha gani hasa wanayoipata watu wazima kwa kukifuata kijipira juani. Katika milima mambo yalikuwa makubwa zaidi. Chini ya Mlima Kenya, karibu na Nanyuki, iko klabu iliyoanzishwa mwaka 1959 na William Holden, mwigizaji sinema wa Marekani, pamoja na wenzake. Mstari wa ikweta unapita humo humo ndani, na wageni huja kutoka pembe zote za dunia kupiga mpira mbele ya theluji.

Kaskazini maofisa hao hao walishindwa. Hawakuwa na maji ya kunyweshea nyasi. Walichofanya huko Wajir kinachekesha mpaka leo: walianzisha klabu ya mashua! Royal Wajir Yacht Club, ndilo jina walilolipa, katika mji ulio zaidi ya kilomita 300 kutoka bahari yo yote. Mtu wa Lamu au wa Faza akisikia habari hiyo atadhani anatukanwa. Hapakuwa na dau wala tanga. Palikuwa na vinywaji na upweke wa watu waliotupwa mbali na kwao.

Hata hivyo si mzaha tupu. Wakati wo wote huweza kutokea tajiri mwenye ramani mkononi akasema: hapa Bute pana baridi kidogo, pana vilima, pana mandhari, kwa nini tusijenge hoteli na kiwanja? Basi tufanye hesabu. Kiwanja kamili cha gofu katika nchi ya joto si ajabu kunywa mita za ujazo 500 za maji kwa siku moja. Hizo ni lita 500,000. Ngamia mwenye kiu hunywa kiasi cha lita 100 kwa mara moja. Maana yake ni kwamba nyasi za kuchezea zingekunywa kila siku maji ya ngamia 5,000. Mzee wa Bute ukimweleza hesabu hiyo hatahitaji kusoma makabrasha ya mhandisi.

Na asidhani mtu kwamba wenyeji hawana mchezo wao. Kivulini, chini ya mgunga, utaona wanaume wawili wameketi mchangani, wamechora miraba mitatu, mmoja ndani ya mwenziwe, na kila mmoja ana kete zake 12, huyu vijiwe na yule vijiti. Mchezo huo ni wa Wasomali wote na huitwa shax. Hiyo herufi ya mwisho hutamkwa kama ile ha ya «Muhammad». Mwenye kupanga kete tatu katika mstari mmoja huiondoa moja ya mwenziwe, na watazamaji hutoa mashauri bila ya kuombwa, sawasawa kabisa na barazani kwetu penye bao. Bao letu lina mashimo 32, gofu 18, na shax halina hata shimo moja, wala halihitaji tone la maji.

MLANGO ULIOFUNGWA

Yafaa kuuliza kwa nini mtu wa Mombasa aijue Dubai kuliko Bute. Umbali peke yake si jawabu. Nchi hiyo ilifungwa kwa sheria.

Katika enzi ya Waingereza yote iliitwa Northern Frontier District, yaani wilaya ya mpaka wa kaskazini. Sheria ya mwaka 1902 iliyohusu wilaya za mbali, na baadaye nyingine ya mwaka 1934, ziliwapa watawala uwezo wa kumzuia mtu asiingie wala asitoke bila ya kibali. Mchungaji alitakiwa awe na karatasi ili afuate malisho, na mfanyabiashara alitakiwa awe na karatasi ili ayafuate mali yake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mlango haukufunguliwa. Vilizuka vile vita vilivyoitwa vya shifta, vilivyoendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki zikitumika mpaka mwaka 1991. Katika muda huo, mwezi wa Februari 1984, ndipo yalipotokea mauaji ya Wagalla, kwenye uwanja wa ndege karibu na mji wa Wajir, ambapo wanaume waliokusanywa na vikosi vya serikali waliwekwa juani na wengi wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013.

Mahali palipofungwa kwa muda unaokaribia umri wa mzee mmoja hapawezi kulaumiwa kwa kukosa hoteli. Mgeni anayekwenda huko na aende akijua hayo, ili akiona mzee anamtazama mara mbili kabla ya kuitikia salamu asije akakasirika.

Kuna na khofu ya siku hizi, ya watu wenye silaha wanaovuka mpaka wa Somalia; hilo si jambo la kufichana. Lakini khofu hiyo nayo ina upande wake wa pili, ambao wapwani tungependa uandikwe kwa herufi kubwa. Mwezi wa Desemba 2015, karibu na El Wak katika barabara ya Mandera, basi lilisimamishwa na wauaji wakaamuru Waislamu wasimame kando na Wakristo wasimame kando. Abiria Waislamu walikataa. Kina mama waliwapa wenzao Wakristo nguo za kujifunika vichwa ili wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa ukaidi wake huo mwema, akafariki mwezi uliofuata. Mungu amrehemu. Hao ndio wenyeji wa nchi hiyo.

Kwa njia, wa Mombasa hupita Malindi, Garsen na Hola mpaka Garissa. Kutoka Garissa ni Modogashe, Habaswein, Wajir, kisha Buna, na hatimaye Bute. Njia nyingine ni ya kuzunguka kwa Isiolo na Marsabit hadi Moyale, ambayo yote ni lami, halafu kugeuka mashariki. Hiyo ya pili ni ndefu lakini mgongo utashukuru.

VISIMA

Katika nchi hizo urithi haupo ndani ya makumbusho, ingawa Wajir makumbusho yapo. Urithi mkubwa uko ardhini, nao ni visima. Mji wa Wajir wenyewe umekaa juu ya mwamba wa chokaa uliotobolewa visima vingi vya kale, na ukiuliza ni nani aliyevichimba utajibiwa kwa hadithi za watu wa zamani waliokuwa majitu, wenye nguvu zisizo za binadamu wa leo. El Wak jina lake maana yake ni visima vya Mungu: «el» ni kisima na «Wak» ni jina la Mungu katika lugha ya Waoromo.

Lakini apendaye kuona kisima kikiendeshwa kama inavyopasa, na asikilize habari za ng'ambo ya mpaka, kwa Waborana wa Ethiopia, ambao malisho yao yamepakana na hayo ya Bute. Wao wana visima tisa vikuu viitwavyo tula. Vina kina kirefu sana, hata mtu mmoja hawezi kuteka. Vijana husimama mmoja juu ya mwenziwe katika ngazi zilizochongwa mwambani, chombo cha maji kikirushwa kutoka mkono hadi mkono, na ili mikono isipishane huimba. Wimbo ndio saa yao na ndio mtambo wao. Ukikoma wimbo, maji humwagika.

Kila kisima kina baba yake, yaani ukoo ulio na haki ya kukisemea, na kina msimamizi wa zamu, ambaye huamua leo wanywe ng'ombe wa nani, kesho ngamia wa nani. Mgeni mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Kunywesha mifugo ni jambo jingine, hapo hukaliwa kikao. Tumezoea kuambiwa kwamba wafugaji ni watu wa kuhamahama wasio na mpango. Ukweli ni kwamba watu wenye kutegemea shimo moja kwa ng'ombe maelfu, bila ya mpango wangekwisha zamani za kale.

LUGHA NA NASABA

Wenyeji walio wengi pande hizo za Bute ni Waajuran. Hao ni Wasomali kwa nasaba, ni Waislamu, na wengi wao lugha yao ya nyumbani ni Kiborana. Watu wa bara hushangazwa na jambo hilo na huuliza: sasa hawa ni nani hasa? Swali hilo mwenyeji wa Mombasa au Pate hapaswi kuliuliza, kwa sababu yeye mwenyewe ameulizwa mara nyingi mno. Mtaalamu Günther Schlee, Mjerumani, alitoa kitabu mwaka 1989 kuhusu mambo haya, akaonyesha jinsi koo zilizomo katika makabila mbalimbali ya kaskazini zinavyotambuana kuwa ni ndugu, huyu akiitwa Mgabra, yule Mgarre, na huyu Mwajuran.

Jina la Ajuran ni kubwa katika historia. Kabla ya kuvunjika katika karne ya 17 palikuwa na dola ya Ajuran kwenye mabonde ya mito Shabelle na Juba, na masimulizi ya Wasomali huihusisha na uchimbaji wa visima na mifereji. Bandari za pwani hiyo zilikuwa Mogadishu, Marka na Barawa. Basi hapa tena tumerudi kwetu, kwani Barawa, iliyochomwa na Wareno mwaka 1507, ni mji wenye Kiswahili chake, Chimini, na jamaa za Kibarawa wamo Mombasa mpaka leo. Hata katika karne ya 19 misafara ya ngamia ilikuwa ikitoka nchi ya Waborana na pembe na kahawa, ikapita Lugh kwenye mto Juba, ikateremka hadi Barawa. Waliotengana ni sisi wa vitabuni. Bidhaa zilikuwa zinajuana.

KAHAWA YA KULIWA

Kahawa ndiyo nitakayoieleza kwa kituo, kwa kuwa msomaji wa pwani ana haki ya kuisikia. Sisi kahawa yetu ni tungu, ya kwenye mdila, kikombe kidogo, na kipande cha halua au kashata. Waborana na majirani zao huila.

Buni hutwaliwa nzima, na ganda lake, ikang'atwa au kukatwa ncha, na kitendo hicho huitwa kuichinja, kana kwamba ni mnyama. Kisha hutiwa katika samli ya moto, ikakaangwa mpaka ikapasuka na harufu ikajaa nyumba. Hapo mwenye nyumba huomba dua: mvua, maziwa, watoto, amani. Samli ile iliyoingia utamu wa kahawa hupakwa usoni na mikononi, na buni hutafunwa polepole, au hutiwa katika maziwa. Hakuna shughuli ya maana inayofanywa bila ya hiyo, iwe ni kupeleka posa, kumpa mtoto jina au kupatanisha waliogombana. Mgeni akikaribishwa buni ajue kwamba amehesabiwa. Tena asiitafune haraka haraka kama njugu.

Chakula kingine cha kuulizia ni nyirinyiri. Hiyo ni nyama, ya ngamia kwa kawaida, iliyokatwa vipande vidogo sana, ikakaushwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake. Hukaa miezi bila ya kuharibika, na ndiyo akiba ya bibi harusi na ya msafiri. Maziwa ya ngamia nayo yana ladha ya moshi, si kwa uchafu, bali kwa sababu vyombo vyake, ambavyo husukwa kwa nyuzi za miti kwa namna ambayo havivuji hata tone, hufukizwa kwa makaa ya miti maalumu kabla ya kutiwa maziwa. Bibi wa pwani aliyewahi kufukiza mtungi wa maji ya kunywa ataelewa mara moja.

Nyumba pia ni kazi ya mwanamke, na ni mali yake. Matao hufanywa kwa mizizi na fito zilizokunjwa, hufunikwa kwa mikeka mizito ya nyuzi za magome, na siku ya kuhama yote hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, matao yakibaki yamesimama mgongoni kama mbavu za jahazi lililo kwenye magogo. Bibi harusi hushonewa mikeka hiyo na mama yake na jamaa zake wa kike kwa miezi mingi. Sasa, mabati yanavyozidi na familia zinavyokaa mjini kwa ajili ya shule na zahanati, wasichana wanaojua kuisuka wanapungua. Turubai hufanya kazi ya mkeka kwa siku moja. Sisi tulioona miyaa ikiachiwa plastiki tusijifanye hatujui mambo haya yanavyokwisha.

Na ubani! Chetezo cha Mji wa Kale kinapofuka alasiri ya Alhamisi, sehemu ya ule moshi huenda imetoka huko. Miti inayotoa ubani, manemane na ile sandarusi nyeusi wanayoiita hagar, huota yenyewe katika nchi kavu za Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo, na waokotao ni kina mama na watoto wachungao mbuzi. Kutoka mtini mpaka chetezoni mikono inayopita ni mingi, na wa kwanza ndiye apataye kidogo kuliko wote.

Anayependa kutembea kwa miguu hatajuta. Twiga wa kaskazini mabaka yake yamekatwa kwa mistari myeupe kama wavu. Yuko swala twiga, asimamaye kwa miguu ya nyuma ili afikie majani. Wako digidigi kila kichaka. Na yuko kanga wa nchi kavu mwenye shingo ndefu na kifua cha buluu kali, ambaye mwanamke wa pwani akimwona atataka kujua jina la leso hiyo na inauzwa duka gani.

ARDHI NI YA NANI

Pwani imeishi na watalii tangu miaka ya 1960, na kuna jambo moja tunaloweza kuwaeleza watu wa Bute kabla hawajajionea wenyewe. Wageni hawakutunyang'anya ardhi. Ardhi ilikuwa imekwisha kuandikwa majina ya wengine kabla ya wageni kufika. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai yao, na ambaye hakudai, ama kwa kutojua ama kwa kutokuwa na karatasi, alijikuta maskwota juu ya makaburi ya babu zake. Hoteli zilipokuja zilinunua kwa wenye karatasi. Ndipo mvuvi akaona njia yake ya kwenda ufukoni ina ukuta.

Malisho ya Bute hayana ukuta, na kwa muda mrefu hayakuwa na hati. Yalikuwa ardhi ya amana iliyoshikwa na mabaraza ya wilaya. Tangu mwaka 2016 iko Sheria ya Ardhi ya Jamii, inayoruhusu jamii ijiandikishe, ichague kamati yake, na ipewe hati kwa jina la wote. Ardhi ambayo haijaandikishwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Iliyokwisha kuandikishwa haiwezi kupewa mwekezaji mpaka mkutano wa jamii ukae na theluthi mbili ya wanajamii wakubali. Kuna tofauti kubwa baina ya hali hizo mbili, na tajiri mwenye ramani anaijua vizuri kuliko mchungaji.

Uandikishaji si kazi nyepesi mahali ambapo malisho hufuata mvua. Mwaka huu ngamia wako Gurar, mwaka ujao wamevuka mpaka. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliharibu misimu mitano ya mvua mfululizo, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Watu walipona kwa kuhama na kwa kupokewa na jirani zao. Mstari ukichorwa kwa pupa utamfungia nje huyo huyo jirani aliyewapokea. Kwa hivyo wazee wakichelewa kutia sahihi si lazima iwe ni ujinga. Hata hivyo wasichelewe mno.

Nami naona utalii unaofaa Bute ni ule usiohitaji kuzungushia ua: mgeni alale katika nyumba ya mikeka aliyoijenga mwenye nyumba na amlipe mwenyewe, aongozwe vilimani na kijana wa hapo kwa ujira uliokubaliwa tangu asubuhi, anunue ubani kwa aliyeuokota. Biashara kama hiyo haimtajirishi mtu mmoja, na pengine ndiyo sababu haijapata wa kuipigia debe.

Atakayetaka kwenda aepuke miezi ya Januari mpaka Machi, jilaal kama waiitavyo Wasomali, wakati jua limekausha kila kitu na wenyeji wana shughuli ya kuokoa mifugo. Asiende pia katikati ya masika, Aprili na Mei, maana udongo hugeuka ulezi na gari hukaa siku tatu. Baada ya vuli, mwezi wa Desemba, nchi huwa ya kijani na maziwa ni mengi. Ajulishe ofisi za utawala Wajir na aulize hali ya njia siku ile ile, wala asitegemee habari za wiki iliyopita. Achukue shuka nzito, kwani usiku wa vilimani si wa Mombasa; na kwa zawadi achukue tende, sukari, majani ya chai na buni nzuri yenye ganda lake, ambayo sokoni Moyale hupatikana.